Midazolamu, propofoli, ketamini au deksmedetomidini: ipi kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia?

Mgonjwa wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) anapoanza kuhangaika kwenye mashine ya kupumulia, mara nyingi mkono wa kwanza huenda kwenye midazolamu. Ipo kabatini, bei yake inabebeka, kila nesi anaijua. Baada ya dakika 5 mgonjwa ametulia, kengele za mashine zimenyamaza. Deni la utulivu huo hudaiwa siku ya nne au ya tano: mapafu yamepata nafuu, oksijeni imeshushwa hadi asilimia 35, kila kitu kinaruhusu mpira wa kupumulia utolewe, ila mgonjwa mwenyewe hafungui macho. Anaendelea kubaki kwenye mashine kwa sababu ya dawa, na kila siku anayobaki inamkaribisha kwenye nimonia, vidonda vya mgongo na misuli iliyonyauka.

Ulinganisho huu unawahusu madaktari na wauguzi wanaochagua kati ya dawa nne hizo za usingizi wakijua kwamba si zote zinapatikana kila wiki. Dozi zote ni za mtu mzima, na hesabu zote za mfano ni za mgonjwa wa kilo 60.

## Maumivu kwanza

Propofoli, midazolamu na diazepamu haziondoi maumivu hata chembe. Zinamlaza mtu pamoja na maumivu yake. Mgonjwa mwenye mbavu zilizovunjika aliyepewa midazolamu peke yake bado anaumia, tofauti ni kwamba hawezi tena kuonyesha. Mwongozo wa PADIS wa mwaka 2018 kuhusu maumivu na usingizi, unaofuatwa na ICU nyingi duniani, unataka maumivu yatibiwe kabla ya kufikiria usingizi, na wagonjwa wengi hawatahitaji kingine baada ya hapo.

Kwa mtu asiyeweza kusema, tumia kipimo cha CPOT. Unatazama mambo manne: uso, mijongeo ya mwili, ukakamavu wa misuli ukimkunja mkono, na jinsi pumzi yake inavyopatana na mashine. Kila moja lina alama 0 hadi 2. Jumla ikifika 3 kati ya 8, mpe dawa ya maumivu, kisha pima tena.

Kati ya fentanili na mofini, fentanili ndiyo rahisi kuongoza. Inaanza ndani ya dakika 1 hadi 2, haisumbui sana presha, na figo zikishindwa haimgeuki mgonjwa haraka. Anza na mikrogramu 25 hadi 50 kwa kusukuma taratibu, kisha dripu ya mikrogramu 0.7 hadi 1 kwa kilo kwa saa ikihitajika. Ampuli 5 za mikrogramu 100 ukizijaza salaini hadi mililita 50 unapata mikrogramu 10 kwa mililita, kwa hiyo mgonjwa wetu kwa kiwango cha 1 anapata mililita 6 kwa saa. Ubaya wake ni kwamba inajificha kwenye mafuta ya mwili. Baada ya siku kadhaa za dripu, ile sifa ya kuisha haraka imekwisha.

Mofini ni nafuu na inafaa vizuri pale figo ziko salama na presha imesimama. Miligramu 2 hadi 4, kila saa 1 hadi 2, au dripu ya miligramu 1 hadi 5 kwa saa. Figo zikifa, mabaki yake yenye nguvu kama dawa yenyewe hurundikana, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano na mgonjwa haamki. Huweza pia kushusha presha na kuwasha ngozi, na kwa mwenye pumu kali si chaguo zuri. Faida moja husahaulika: mofini ya maji inapita kwenye mpira wa puani wa kulishia. Uganda imeitengeneza nchini kwa miaka mingi kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Miligramu 3 kwa tumbo ni sawa na miligramu 1 hivi kwa mshipa, na mgonjwa ambaye tumbo lake linapokea uji hana sababu ya kukaa na dripu ya mofini wiki nzima.

Kosa linalotokea kila siku ni la muda. Fentanili iliyosukumwa mapema dakika 3 hadi 5 itakuwa tayari unapomgeuza mgonjwa au kumfyonza makohozi. Mofini hufika kileleni karibu dakika ya 20. Ukisukuma mofini na kumgeuza papo hapo, anaumia wakati wa kugeuzwa, kisha presha inashuka baadaye akiwa amelala kimya. Mpe, kafanye kazi ya kitanda cha pili, rudi.

Weka parasetamoli chini ya yote: gramu 1 kila saa 6, au miligramu 15 kwa kilo kama ana chini ya kilo 50. Anza dawa ya kulainisha choo siku ile ile unayoanza mofini au fentanili, kwa kuwa tumbo lililofunga nalo humhangaisha mtu. Pethidini iache, mabaki yake huleta degedege, hasa figo zikiwa dhaifu. Tramadoli ina tatizo kama hilo.

## Usingizi wa kina gani?

Swali hili lina uzito kuliko jina la dawa. Kipimo cha RASS kinaanzia -5, mtu asiyeitikia chochote, hadi +4, mtu anayepigana. Sifuri ni macho, mtulivu. Kwa wagonjwa walio wengi lengo ni kati ya 0 na -2.

Kupima kunachukua nusu dakika. Mtazame. Kama hayuko macho, mwite kwa jina na umwambie akutazame. Akifungua macho na kukutazama zaidi ya sekunde 10, ni -1. Akikutazama chini ya sekunde 10, ni -2. Akijongea au kufungua macho bila kukutazama, ni -3. Kama sauti haimfikii, mtikise bega: akijongea ni -4, kimya kabisa ni -5. Mwite kwa lugha anayoielewa. Bibi anayejua Kisukuma tu ataonekana yuko -3 kwa muuguzi anayemwamrisha kwa Kiswahili cha mjini, na dozi itapangwa kwa alama isiyo yake. Ndugu akija, muulize nyumbani anaitwaje.

Usingizi mzito, -4 au -5, una wagonjwa wake: aliyepewa dawa ya kulegeza misuli, aliye na shinikizo kubwa la ubongo, mwenye degedege lisilokatika, mwenye pepopunda kali, na yule ambaye mapafu yamekakamaa kiasi kwamba analazwa kifudifudi. Nje ya hao, anayemlaza mgonjwa hivyo aandike sababu kwenye faili.

Na kabla ya kuongeza dawa yoyote, tafuta kinachomsumbua. Tazama oksijeni. Tazama alama ya mpira kwenye mdomo, mara nyingi sentimita 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanaume: je, umesogea? Fyonza, pengine umeziba. Sikiliza pande zote mbili za kifua, pengine hewa imejaa nje ya pafu. Bonyeza kibofu, pengine mpira wa mkojo umekunjika chini ya paja. Tazama mashine: mgonjwa mwenye njaa ya hewa aliyepangiwa mkondo mdogo atavuta kwa nguvu hadi umrekebishie mkondo, na kumlaza kwa dawa ni kumnyamazisha tu. Muulize ndugu kuhusu pombe. Mnywaji wa kila siku aliyekatishwa ghafla huanza kutetemeka na kuweweseka kati ya siku ya 2 na ya 4.

## Dawa nne kwa mtazamo mmoja

| | Propofoli | Midazolamu | Ketamini | Deksmedetomidini |
|---|---|---|---|---|
| Inaanza | dakika 1–2 | dakika 2–5 | chini ya dakika 1 | dakika 15–30 bila dozi ya kuanzia |
| Dripu | mg 0.3–3 kwa kilo kwa saa, isipite 4 | mg 0.02–0.1 kwa kilo kwa saa | mg 0.1–0.5 kwa kilo kwa saa ikisaidia nyingine, hadi 2 ikiwa peke yake | mikrogramu 0.2–0.7 kwa kilo kwa saa, isipite 1.4 |
| Maumivu | haiondoi | haiondoi | inaondoa vizuri | inapunguza kidogo |
| Presha | inashusha | inashusha kiasi | hushikilia au hupandisha | inashusha pamoja na mapigo |
| Kuamka ukiizima | dakika hadi saa chache | saa hadi siku kadhaa | saa chache | saa chache, lakini si lazima uizime |
| Inahitaji pampu ya sirinji? | lazima | ni bora | inaweza kuhesabiwa matone | lazima |

## Midazolamu

Tunaanza nayo kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo inayohitaji nidhamu zaidi. Tatizo lake ni kurundikana. Ini huigeuza kuwa dutu nyingine inayolaza vilevile, na dutu hiyo hutolewa na figo. Mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yaliyouzidi mwili) ambaye mkojo umekatika anaweza kulala siku mbili tatu baada ya dripu kuzimwa. Wazee na wenye ini bovu wako kundi hilo hilo. Pili, huongeza kuweweseka. Katika utafiti wa SEDCOM wa mwaka 2009, uliolinganisha midazolamu na deksmedetomidini, walioweweseka walikuwa asilimia 76.6 kwa midazolamu na asilimia 54 kwa deksmedetomidini, na mpira wa kupumulia ulitolewa baada ya siku 5.6 kwa wa kwanza, 3.7 kwa wa pili.

Kwetu kuna jambo la ziada ambalo halipewi nafasi ya kutosha: dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Ritonavir, iliyomo kwenye dawa za mstari wa pili za VVU, inaweza kupandisha midazolamu mwilini mara kadhaa. Fluconazole ya fangasi wa ubongo nayo huipandisha, vivyo hivyo erythromycin na clarithromycin. Rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume, inaiunguza haraka hadi dozi ya kawaida ionekane kama maji. Anayetumia dolutegravir hana tatizo hili. Soma kadi ya dawa kabla ya kupanga dripu.

Kosa la hatari zaidi liko kwenye ampuli. Midazolamu huja kama miligramu 5 kwenye mililita 5, na pia kama miligramu 15 kwenye mililita 3. Ya pili ina nguvu mara 5 kwa kila mililita. Anayezoea kusukuma mililita 2 za ya kwanza akishika ya pili amesukuma miligramu 10 badala ya 2. Ziwekwe droo mbili tofauti, na lebo ya sirinji iandikwe miligramu kwa mililita, isiishie kwenye jina la dawa.

Ukiitumia, anza kwa kusukuma miligramu 1 hadi 2 inapohitajika, urudie baada ya dakika 5 hadi 10, badala ya kukimbilia dripu. Dripu ikibidi: miligramu 50 kwenye mililita 50, yaani miligramu 1 kwa mililita, na mgonjwa wetu kwa 0.03 anaanza na mililita 1.8 kwa saa. Ukitaka kuongeza, sukuma kidogo kwanza halafu ndipo upandishe dripu. Kupandisha dripu peke yake kunachukua saa nyingi kuonekana, na katikati ya kusubiri mtu wa zamu huongeza tena, na tena. Hivyo ndivyo dozi ya usiku inavyokuwa mara tatu ya dozi ya jioni.

Kuna wagonjwa ambao kwao midazolamu ndiyo sahihi: degedege, pepopunda, anayeacha pombe, aliyekunywa sumu ya wadudu akapata degedege, na aliyelegezwa misuli ambaye presha haivumilii propofoli. Kwa pepopunda dawa za kundi hili ni tiba yenyewe, na viwango huenda juu sana kuliko vya kawaida.

Diazepamu isiwe badala yake kwenye dripu. Nusu ya dawa huchukua saa 20 hadi 100 kutoka mwilini, hung'ang'ania plastiki ya dripu na huunguza mshipa. Miligramu 5 hadi 10 kwa kusukuma taratibu kukata degedege, basi.

## Propofoli

Kwa mgonjwa ambaye presha imesimama na unatarajia kumtoa kwenye mashine ndani ya siku chache, propofoli inaishinda midazolamu bila ubishi. Unaizima saa 2 asubuhi, na saa 3 mnazungumza naye. Wa jeraha la kichwa anayehitaji kupimwa ubongo kila mara anafaidika hapo hapo.

Haichanganywi na kitu. Ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Mgonjwa wetu kwa miligramu 1 kwa kilo kwa saa anapata mililita 6 kwa saa, na kikomo chake cha 4 ni mililita 24 kwa saa. Piga hesabu ya akiba kabla ya kuianza: mililita 6 kwa saa ni mililita 144 kwa siku, zaidi ya ampuli 7 za mililita 20. Kuianza ukiwa na ampuli 8 stoo ni kujiandalia dharura ya usiku wa kesho.

Imetengenezwa kwa mafuta, na mambo matatu yanatokana na hilo. Bakteria huipenda, kwa hiyo kichupa kikishafunguliwa na mpira wa dripu wake vibadilishwe kila saa 12. Chupa iliyobaki nusu haihifadhiwi kwa mgonjwa wa jirani. Ina kalori 1.1 kwa kila mililita, hivyo mililita 15 kwa saa zinampa karibu kalori 400 kwa siku, zipunguzwe kwenye chakula chake. Na mafuta ya damu hupanda: yapime baada ya siku 2, kisha mara mbili kwa wiki, na ukiona yamevuka miligramu 400 hadi 500 kwa desilita, badilisha dawa.

Presha ndiyo mpaka wake. Kwa mgonjwa wa mshtuko, yaani ambaye presha imeanguka, usisukume dozi kubwa. Anza na 0.3 na upande polepole kila dakika 5 hadi 10, noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, ikiwa tayari.

Kuna madhara machache kutokea lakini yanaua: mgonjwa aliyekaa zaidi ya saa 48 juu ya miligramu 4 kwa kilo kwa saa anaanza kuwa na asidi ya damu isiyoelezeka, mapigo yanashuka, mkojo unakuwa wa kahawia kwa misuli inayoyeyuka, moyo unashindwa. Zima papo hapo, usisubiri majibu ya maabara. Mkojo wa kijani, kwa upande mwingine, hushtua familia lakini hauna madhara. Watoto wasipewe dripu ya propofoli ya muda mrefu.

## Ketamini

Hapa ndipo hospitali nyingi za Afrika Mashariki zina utajiri ambao haujatumika vya kutosha ICU. Ipo chumba cha upasuaji, ni ya bei nafuu, haihitaji friji, inaondoa maumivu, inalegeza njia za hewa na haiiangushi presha kirahisi. Kwa mgonjwa wa sepsisi aliye kwenye noradrenalini, au wa pumu kali ambaye kifua kimefunga, tungeitanguliza mbele ya midazolamu.

Kichupa cha mililita 10 kina miligramu 500. Chote ukikijaza salaini hadi mililita 50 unapata miligramu 10 kwa mililita. Kwa 0.5, mgonjwa wetu anahitaji miligramu 30 kwa saa, yaani mililita 3. Pampu ikikosekana, weka miligramu 500 kwenye chupa ya salaini ya mililita 500, sasa ni miligramu 1 kwa mililita, na kiwango ni mililita 30 kwa saa. Kwa bureti ya matone 60 kwa mililita hayo ni matone 30 kwa dakika. Kwa seti ya kawaida ya matone 20 ni matone 10 kwa dakika. Hesabu matone kila unapopita, kwa kuwa mgonjwa akijigeuza mkono au kitanda kikipandishwa mwendo unabadilika. Propofoli na deksmedetomidini usizihesabu kwa matone kamwe.

Zipo taabu zake. Mate na makohozi huongezeka, na mpira mwembamba unaweza kuziba, fyonza mara nyingi zaidi. Mapigo na presha hupanda, hivyo mwenye moyo uliokosa damu si wake. Macho hubaki wazi yakichezacheza, kwa hiyo RASS inadanganya kidogo: usidhani yuko macho, wala usiongeze dozi kwa sababu macho yako wazi. Baadhi huota vitu vya kutisha. Chini ya 0.3 hilo ni nadra, na kwa dozi za juu midazolamu miligramu 1 hadi 2 kwa kusukuma huwasaidia. Na mgonjwa aliyechoka kabisa, aliyekwisha kutumia nguvu zote za mwili, anaweza kuanguka presha hata kwa ketamini, mpe nusu dozi. Ile hofu ya zamani kwamba hupandisha shinikizo la ubongo haikuthibitika kwa wagonjwa walio kwenye mashine na hewa ukaa yao imedhibitiwa.

Matumizi yake bora, kwa maoni yetu, ni kama mshirika: 0.1 hadi 0.3 pamoja na mofini kidogo. Mofini inapungua, midazolamu mara nyingi haihitajiki kabisa.

## Deksmedetomidini

Ndiyo ya gharama kubwa kati ya nne, na penye bajeti finyu iwekewe wagonjwa maalumu. Inamlaza mtu usingizi unaoamshika: ukimwita anafungua macho, anakubana mkono ukimwambia, ukimwacha analala tena. Haizuii kupumua. Kwa mtu aliye tayari kutolewa mpira lakini kila akiamshwa anapaparika na kuvuta kila kitu, hakuna inayoifikia.

Mikrogramu 200 ziko kwenye mililita 2. Ongeza mililita 48 za salaini, unapata mikrogramu 4 kwa mililita. Kwa 0.4 mgonjwa wetu anapata mililita 6 kwa saa, vichupa karibu 3 kwa siku. Dozi kubwa ya kuanzia iliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa iruke kwa wagonjwa wa ICU, ndiyo inayoleta mapigo 35 na presha kuyumba. Panda kwa 0.1 hadi 0.2 kila nusu saa, na uwe na subira: anayetaka matokeo ndani ya dakika 5 ataizidisha. Mapigo yakishuka chini ya 50 na presha ikafuata, punguza kwa nusu au zima. Mwenye hitilafu ya umeme wa moyo asiyewekewa kifaa cha kuuendesha asipewe.

Haifai pale usingizi mzito unapotakiwa. Aliyelegezwa misuli akiwa kwenye deksmedetomidini peke yake anaweza kuwa macho kabisa, anasikia, anaumia, hawezi kujongea. Hilo lisitokee kwa mtu yeyote. Ukiona aliyelegezwa misuli anatoa machozi, anatoka jasho na mapigo yanapanda, ongeza propofoli au midazolamu na dawa ya maumivu sasa hivi.

Isichukuliwe pia kwamba inaokoa maisha kuliko nyingine. Utafiti wa SPICE III wa mwaka 2019, wenye wagonjwa wapatao 4,000, ulikuta vifo vya siku 90 ni asilimia 29.1 pande zote mbili, na wengi waliopewa deksmedetomidini walihitaji dawa nyingine juu yake. Kwa walio na miaka 65 au chini palionekana dalili ya vifo zaidi, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa tahadhari. Kijana anayehitaji kulazwa kwa kina siku za mwanzo apewe propofoli.

## Kumpanga mgonjwa na dawa

Aliyetoka upasuaji mkubwa, presha nzuri, atatolewa mpira kesho: fentanili au mofini kidogo, na propofoli ya chini kama bado hajatulia. Sepsisi yenye mshtuko: fentanili, ketamini, midazolamu kwa kusukuma tu. Pumu: ketamini, baadaye propofoli presha ikiruhusu. Figo zimekufa: fentanili na propofoli, mofini na dripu ya midazolamu ziwekwe mbali. Degedege na pepopunda: midazolamu. Jeraha la kichwa: propofoli na fentanili. Anayeweweseka wakati wa kuachishwa mashine: deksmedetomidini. Ikikosekana, klonidini kwa mpira wa puani, mikrogramu 75 hadi 150 kila saa 8, ukiangalia presha. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, haifupishi kuweweseka. Itumike tu pale mgonjwa anajihatarisha, na kwa muda mfupi.

Huna chochote zaidi ya midazolamu na mofini? Bado unaweza kumtunza mtu vizuri. Mwaka 2000, utafiti wa Chicago wenye wagonjwa 128 uliotumia dawa hizo za kawaida, midazolamu au propofoli pamoja na mofini, ulionyesha kwamba kuzizima kila siku hadi mgonjwa aamke kulishusha muda wa mashine kutoka siku 7.3 hadi 4.9. Dawa hazikubadilika. Kilichobadilika ni swichi.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya raundi, uliza: ana degedege? Anaacha pombe? Amelegezwa misuli? Moyo umekosa damu ndani ya saa 24? Shinikizo la ubongo liko juu? Kama yote ni hapana, zima dawa ya usingizi. Dawa ya maumivu mwachie kama bado anaumia. Muuguzi akae karibu, mikono ya mgonjwa iwe mahali inapoonekana. Akipumua zaidi ya mara 35 kwa dakika, oksijeni ya damu ikishuka chini ya asilimia 88 kwa dakika 5, mapigo yakivurugika au akipaparika sana, rudisha kwa nusu ya dozi ya awali, wala usirudishe ile ya jana usiku. Akiamka na kukutazama, na oksijeni ya mashine iko asilimia 50 au chini na PEEP (shinikizo linalobaki kwenye mapafu mwisho wa pumzi) ni 8 au chini, endelea na jaribio la kupumua mwenyewe dakika 30.

Aliyekaa na midazolamu au fentanili zaidi ya wiki moja hazimwi ghafla moja kwa moja: atatoka jasho, atatetemeka, ataharisha, mapigo yatapanda, na wengi watadhani ni maambukizi mapya. Punguza kwa asilimia 10 hadi 20 ya dozi ya awali kila siku. Ukimhamishia kwenye deksmedetomidini, ianze kwanza, subiri saa 1, ndipo uanze kukata midazolamu, kwa kuwa yenyewe haizuii degedege la kuachishwa. Mpira ukitolewa, deksmedetomidini iendelee kwa 0.2 hadi 0.4 usiku huo, kisha ipungue polepole siku inayofuata huku presha ikipimwa kila saa.